Kasuku Katua kwenye Alizeti: Shika Simu, Acha Manati

Singida Mjini hatuna desturi ya kutundika vibao vya kulishia ndege. Vya nini, wakati tunaanika alizeti? Tandaza turubai uani baada ya mavuno, weka beseni la maji ya kuku pembeni, na karamu imeshatangazwa. Safari hii si shomoro: ni kasuku mdogo wa kijani, mnene wa shavu. Tuhesabu kwa kushuka, upesi, kabla hajashiba.

6. Usiite mtaa
Najua, utamu wa mgeni ni kumwonyesha jirani. Ila jirani atakuja na watoto, na watoto watakuja na manati. Jirani ataona picha.

5. "Analiwa huyo?"
Swali hili halikosekani. Jamani, mji wenye kuku wa kienyeji wanaosifiwa hadi Dar es Salaam unamtamani ndege wa gramu 50 hivi? Ukimchoma utashiba moshi.

4. Uso kwanza, jina baadaye
Hapa ndipo penye raha, kwa hiyo tulia. Kichwa cheusi, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho, shingo na kifua vya njano: huyo ni kasuku wa shingo ya njano. Kama uso ni wa rangi ya chungwa lililoiva, ni kasuku wa Fischer, aliyepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki miaka ya 1880. Wote wawili asili yao ni Tanzania. Wa Fischer kwao ni kusini ya Ziwa Victoria na Serengeti; mwenzake anashika kuanzia upande wa Manyara kushuka hadi nyanda za Iringa. Mkoa wetu uko pale maeneo yao yanapokaribiana, ndiyo maana "nimeona kasuku" ni nusu ya habari. Kule Naivasha, Kenya, waliotoka vizimbani wa aina zote mbili walioana, na leo kuna machotara ambao hata mtaalamu huwatazama mara mbili. Kwa hiyo piga uso. Mgongo peke yake ni kijani tu, na kijani hakina ukoo.

3. Kagua miguu
Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Ndivyo kasuku walivyo. Ukiona pete nzima isiyo na ungio, ujue alivishwa akiwa kinda, kizimbani. Basi mgeni wako ni mtoro, tena mtoro mwenye kitambulisho mguuni.

2. Kizimba kibaki cha sungura
Utani kando kidogo. Miaka ya 1980 kasuku wa Fischer walikamatwa kwa maelfu na kuuzwa nje, na hadi leo orodha ya kimataifa inamweka miongoni mwa ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mimi hata sheria isingekuwepo ningesema hivyohivyo: ndege anayetembea kwa kundi, umtie peke yake kwenye waya, aongee na nani?

1. Sasa piga, na uitume inavyostahili
Futa lenzi, mafuta ya maandazi humgeuza kasuku kuwa mzimu. Jua liwe mgongoni kwako, viwiko vikae juu ya dirisha. Usivute picha kwa vidole, utapata vumbi la rangi. Piga nyingi, utakata baadaye. Subiri aokote mbegu. Ataibana kwa ncha ya mdomo, ataizungusha kwa ulimi, ganda litapasuka ubavuni na kudondoka, kiini kitazama. Sekunde hizo kichwa kimetulia na jicho liko wazi. Hapo!

Kisha usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na kupoteza kumbukumbu za saa na mahali. Itume kama faili, uandike tarehe, saa, mtaa, na alikuwa anakula nini. Neil na Liz Baker wamekuwa wakikusanya taarifa za namna hii tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya atlasi ya ndege wa Tanzania, na tovuti ya eBird, iliyoanza mwaka 2002, inapokea za mtu yeyote mwenye simu. Ramani ya ndege wa bara la kati inajazwa na watu wanaokaa huku, na sisi ndio tunaokaa huku. Peleka ya mbele, ya ubavu na ya mkia. Ile iliyotoka na ukungu liachie kundi la ukoo, kule hawachagui.