Si Unaiona Mvua?

Dar es Salaam kuna udhuru mmoja tu usiohitaji shahidi, barua wala cheti cha daktari. Fundi aliyekula advansi yako, mgeni aliyealikwa chakula cha mchana akatokea jioni, mwanachama wa kikoba asiyeleta hisa, wote wakishatamka "si unaiona mvua?" kesi imekwisha. Wewe mwenyewe umefika, tena kwa wakati, maji yanakuchuruzika kisogoni, lakini utajikuta unaitikia kwa huruma: "Kweli bwana, poleni na mvua."

Udhuru huu una msimu wake. Masika huanza Machi na kwisha Mei, na Aprili ndiyo kilele. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kipimo: mvua ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24, hiyo ni mvua kubwa na wananchi hupewa tahadhari. Mtaani kila mtu ana milimita zake. Kwa fundi wangu wa nguo, wingu likitanda upande wa Ubungo, tayari ni mvua kubwa. Kwa mke wangu, maji yakifika magotini hayo bado ni manyunyu. Hapo ndipo penye dhuluma, maana udhuru unaomwokoa kila mtu katika jiji hili haumwokoi baba mwenye nyumba.

Jumamosi ya mwisho wa Aprili niliamka nikasikia bati linavyopigwa, nikavuta shuka kwa furaha ya mtu aliyepewa likizo. Kumbe orodha ilikwishaandikwa, nyuma ya kadi ya mchango wa harusi: gesi, gauni kwa fundi, kumnyoa kijana, luku. Kesho yake kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na akina mama wote wa ukoo walitakiwa kutokea na sare ya kitenge.

"Mama watoto, mvua hii," nilianza.

"Naiona," akajibu, akanikabidhi mwavuli uliovunjika mbavu.

Nikiwa bado natafuta kandambili, hodi! Shemeji yangu huyo, mdogo wake mke wangu, anayekaa Ilala. "Sikai, napita tu," alisema. Akavua viatu, akavua soksi, akazikamua, akazianika nyuma ya friji. Mtu anayepita tu haaniki soksi. Mama mkwe wangu, aliyekuja kwetu kula Pasaka na bado anaendelea kuila, alimsogezea mwanawe chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga. Naye shemeji, ili asionekane anakula bure, akatangaza mbele ya kadamnasi: "Luku niachieni mimi. Nanunua hapahapa kwenye simu." Nikaifuta luku kwenye orodha kwa moyo wa shukrani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, maduka mengi hayafunguliwi mpaka saa nne ili watu wafagie mazingira yao. Mtaani kwetu Sinza usafi ulikuwa unaendelea kwa kasi, ila kwa mtindo wa masika. Kila mwenye mfuko wa taka alichungulia nje, akahakikisha mtaro umejaa na unakwenda mbio, akauaga mfuko wake. Taka hazizolewi, zinahamishiwa kwa jirani wa bondeni, ambaye naye ana jirani wa bondeni zaidi. Na kule chini kabisa kuna wanaongoja mvua kubwa kubwa ili watapishe vyoo, kisha mwezi unaofuata tunashangaa kipindupindu kimetoka wapi.

Duka letu la gesi huleta mtungi hadi mlangoni kwa bodaboda. Nikapiga simu. "Bosi wangu," sauti ikanijibu kutoka mahali pakavu, "si unaiona mvua?" Nikaubeba mtungi begani. Kwenye kona ya kuelekea barabara ya lami palikuwa pameshakuwa bwawa, na biashara yake imeshafunguliwa: vijana wawili na mkokoteni, kuvuka shilingi 500 kwa kichwa. Nikapanda, nikautua mtungi miguuni pangu.

"Buku, mzee," kijana akasema.

"Si mia tano?"

"Wewe mia tano na huyu mia tano. Amekaa, hajasimama."

Wakati wa kurudi na mtungi uliojaa, nauli ilikuwa imepanda tena. Nilipouliza sababu nikaelezwa kwa upole kwamba kwenda alikuwa mtupu, sasa ameshiba.

Nyumbani gesi ikapokelewa kwa vigelegele, lakini hakukuwa na cha kupikia. Bati letu lina matundu ambayo kiangazi hatuyakumbuki na masika hatuwezi kuyaziba, kwa hiyo sufuria zote zilikuwa kazini: kubwa ya wali iko sebuleni, ya mboga iko korido, kisufuria cha maziwa kiko juu ya kabati kinakinga tone moja moja. Mke wangu na mama yake wakaketi kikao kuamua ni tone lipi lina haraka kidogo. Maharage yakapikwa kwenye sufuria ya sebuleni, na nafasi yake ikachukuliwa na beseni la kuogea. Kikao hicho kilipoendelea kujadili mgeni aoge na nini endapo atalala, mimi na kijana wangu tukaondoka kwenda kwa fundi.

Nilimkuta fundi kajikunyata chini ya turubai, kakaa juu ya kitu kilichokunjwa vizuri. Nilipotazama kwa makini, kilikuwa kitenge chetu.

"Shikamoo, mzee. Aisee, umeme ulikatika jana."

"Marahaba. Lakini cherehani yako si ya mguu?"

Akaitazama ile cherehani, nadhani kwa mara ya kwanza kama shahidi wa upande wa pili. "Cherehani ni ya mguu," akakubali, "ila pasi ni ya umeme. Na siwezi kumkabidhi mama nguo yenye makunyanzi, nitajiharibia jina." Kwamba kitenge kilikuwa hakijakatwa wala kupimwa, hilo halikumhusu mwenye pasi. Akaapa kwamba kesho alfajiri, kabla ya misa, gauni litakuwa mlangoni kwangu. Sikubishana naye. Mtu akishakuhurumia kwa sababu ya makunyanzi ambayo hayajazaliwa, utamshinda wapi?

Kwa kinyozi hakukuwa na foleni, nikaona hapo angalau mvua imenifanyia hisani. Kijana akakalia ubao uliolazwa juu ya mikono ya kiti, akafungwa shuka shingoni, mashine ikaanza kunguruma. Kinyozi alianzia upande wa kushoto. Alikuwa amefika utosini, anapuliza vumbi la nywele huku akinieleza kwa nini timu yangu haitachukua ubingwa, radi ilipopasuka. Mtaa mzima ukazima. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Tukabaki watatu tunatazamana kwenye kioo: upande mmoja wa kichwa cha mwanangu unang'aa, upande wa pili msitu wa Pugu.

Tukangoja. Kinyozi akatoka mlangoni, akatazama nguzo ya umeme, akarudi. "Utachelewa kurudi huu," akatoa hukumu. Kisha, kwa uungwana ambao sijawahi kuuona kwa fundi yeyote wa jiji hili, akachukua nusu ya bei.

Miaka ya nyuma ningemvika mtoto mfuko wa rambo kichwani, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Tukamvika mfuko mbadala, ule wa kitambaa kitambaa, ambao una sifa zote nzuri za kutunza mazingira isipokuwa kuzuia maji. Alipita mtaani ameukandamiza kwa mikono miwili, si kwa kuogopa kulowa bali kwa kuogopa wenzake wa shule. Wakamwona. Walikuwa barazani kwa jirani, wamezuiwa na mvua, hawana la kufanya, na Mungu akawaletea hilo.

Mama mkwe alipomwona mjukuu wake hakucheka. Alimpeleka dirishani penye mwanga, akaomba mkasi na wembe mpya. "Mjomba wako huyu nilimnyoa mimi hadi anamaliza darasa la saba," alimwambia, "na kijijini kwetu hakukuwa na nguzo hata moja." Kijana akamtazama mjomba wake, ambaye wakati huo alikuwa anapanga karata, akaona kipara kinachoanza kuota utosini, machozi yakamlengalenga. Bibi akamaliza kazi yake. Kichwa kikatoka para safi, pande zote sawa, na kwa hali tuliyokuwa nayo usawa ulikuwa mafanikio.

Saa nane mchana mvua ikalegea. Mama mkwe akatazama nje, kisha akamtazama mwanawe. Shemeji akainuka, akajinyoosha, akapapasa soksi zake nyuma ya friji, akafungua simu.

"Jangwani pamefungwa," akasema, akakaa.

Na ilikuwa kweli. Mto Msimbazi, unaotelemka kutoka vilima vya Pugu kwenda baharini, ukijaa hupanda juu ya Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Magari hugeuzwa, na mwendokasi, yaani mabasi haya yaliyoanza kazi mwaka 2016 kwa ajili ya watu wenye haraka, husitisha safari. Dada yake akamshauri apite Kigogo. "Kigogo nako nasikia si kuzuri," akajibu. Kasikia kwa nani, hakusema. Saa kumi redio ikatangaza kwamba Jangwani pamefunguliwa. Shemeji akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Haya, sasa hiyo foleni yake!" Akagawa karata upya.

Sikumlaumu sana, kwa sababu najua nguvu ya neno hilo inatoka wapi. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu jijini na kuziacha familia nyingi za Bonde la Msimbazi bila pa kulala, hata serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Waliokuwepo hawajasahau. Ukiambiwa "Jangwani pamefungwa" huulizi mara mbili, maana kuna aliyewahi kuyasema maneno hayo akiwa juu ya paa. Sisi wengine tunakopa uzito huo bila riba, tunautumia kuhalalisha sahani ya pili ya wali maharage.

Jioni tulikuwa tumejipanga kutazama mpira. Dakika chache kabla haujaanza, pu! Giza.

"Mvua imefanya yake," akasema shemeji, wa kwanza kabisa.

Tukawasha tochi za simu, kisha mshumaa ulioshikiliwa na nta yake ndani ya kisahani. Watoto wakasogea kwa bibi yao. "Hadithi, hadithi!" akaita. "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" tukaitikia wote, na mimi humo. Akatuhadithia ya sungura na fisi, akaongeza ya mkwe mmoja mvivu ambayo sikuona kama ilikuwa ya watoto. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye beseni, wali wa nazi unanukia jikoni, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda. Nilianza kuusifu ukosefu wa umeme, nikaeleza jinsi televisheni ilivyotuharibia familia, nikawa nakaribia kutoa hotuba kamili.

Ndipo nyumba ya jirani ikalipuka: "Goooli!"

Tukanyamaza.

"Wana jenereta hao," shemeji akakisia. Tukatega sikio. Hapakuwa na jenereta. Kwa jirani wa pili nao wakapiga kelele, sekunde moja nyuma. Kijana wangu mwenye para akachukua simu yangu, akaenda kumulika mita ukutani, akarudi na taarifa: "Baba, inasoma sifuri."

Macho yote yakageuka polepole kuelekea kwa mtu mmoja. Kwa mwanga wa mshumaa hata soksi zake zilionekana zina hatia.

"Nilijaribu asubuhi," akasema shemeji. "Mtandao ulikuwa unasumbua. Si mnaiona mvua?"

Mama mkwe akatazama dirishani. Nyota zilikuwa zimejaa mbinguni. Akamwambia mwanawe kitu kwa kilugha chao ambacho mke wangu alikataa kunitafsiria, na tarakimu 20 za luku zikaingia ndani ya dakika moja, mtandao ukiwa na afya njema. Taa ziliporudi mpira ulikuwa umekwisha. Shemeji alilala kwetu, na aliogea ndoo ya kupigia deki.

Jumapili jua lilichomoza mapema na kwa nguvu. Gauni halikuja, fundi alituma ujumbe kwamba barabara bado ina tope. Kanisani ukoo ulipendeza katika sare, isipokuwa akina mama kadhaa waliovaa kila mmoja lake. Walipokutana nje baada ya misa hawakuhitaji kuulizana, walitajiana tu jina la fundi. Akina mama wengine wakawapa pole: "Jamani, mvua ya jana!"

Jumatatu nilichelewa kazini, kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na hali ya hewa. Ndani ya daladala nilijaribu kupanga maelezo, lakini jua lilikuwa kali mno, hakuna uongo ambao ungekauka ukiwa mzima. Nikaingia ofisini kwa kunyata. Kiti cha bosi kilikuwa kitupu. Dakika chache baadaye simu zetu zote zikalia kwa pamoja, ujumbe wake kwenye kundi la ofisi: "Wapendwa, nitachelewa kidogo kutokana na mvua za juzi."

Tukamjibu mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza nilikuwa mimi: "Pole sana, bosi. Tulikuwa na wasiwasi."