Kiatu Kilekile

Jirani yangu hapa Makomeno ametunga hadithi. Mpya kabisa, anaapa. Msichana aliyelelewa na mama wa kambo anapuliza makala na kusonga bukari kutwa. Anaponyoka kwenda arusi ya mtoto wa bosi wa mgodi, anakimbia kabla ya saa sita usiku, anaacha kiatu.

"Papa," nikamwuliza kwa adabu, "huyu si Cendrillon?"

Akanuna. Cendrillon, eti, alipanda boga. Wa kwake amepanda teksi. Na kwenye jalada tayari ameandika: marufuku kunakili.

Nisimwonee. Perrault alipomchapisha binti huyo mwaka 1697, Basile wa Napoli alikuwa amekwisha mtangulia, na katika karne ya 9 Mchina Duan Chengshi aliandika habari za Ye Xian, aliyesaidiwa na mifupa ya samaki kabla kiatu cha dhahabu hakijamponyoka. Disney akaja 1950. Wote walikopa; hakuna aliyerudisha.

Ila kuna kukopa na kukopa. Katika kisa cha Sultani Darai, alichokichapisha Steere mwaka 1870 kutoka Unguja, kazi ya paka mwenye buti wa ngano za Ulaya inafanywa na paa. Anamtajirisha maskini, kisha anaugua, na bwana wake anamnyima hata uji wa maana. Anakufa, anatupwa kisimani. Tajiri anaamka jaani, akichakura kama zamani. Hapo paka wa Ulaya hafiki.

Nilimsimulia jirani. Alitafakari sana, akaahidi kusahihisha: sasa msichana anaacha viatu vyote viwili.