Ndoo Zimepangwa, Bati Limeondoka

Mtu wa Igunga hana haki ya kusema dhoruba ilimvamia. Mkoa wake wa Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa msimu huo kabla haujaanza. Hata asiye na redio anaona mwenyewe. Jua linaichoma mbuga ya Wembere tangu asubuhi, hewa ya moto inapanda, wingu linarefuka hadi linakuwa jeusi, na alasiri, kabla ya tone la kwanza, upepo wa baridi unashuka kutoka kwenye wingu lilelile na kupita mjini na vumbi, mifuko na kandambili moja moja. Hapo ndipo maandalizi yetu huanza. Nguo zinaanuliwa, mpunga unakunjwa na turubai lake, kuku wanafukuzwa waingie ndani, king'amuzi kinachomolewa, kioo kinafunikwa khanga kisivute radi, na ndoo zinapangwa chini ya matundu ambayo kila mwanafamilia anayafahamu hata gizani. Ni kazi safi, ya haraka, yenye nidhamu ya jeshi. Kasoro yake ni moja tu: katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyegusa kitu kitakachoondoka, nacho ni paa.

Nadhani kosa hili tumelirithi, na chanzo chake kilikuwa busara. Aina mojawapo ya nyumba za zamani za Unyamwezi ilikuwa tembe: kuta za udongo, na juu miti iliyofunikwa udongo mzito. Ndiyo aina ya nyumba ambayo Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Paa la namna hiyo upepo hauliwezi. Adui wake ni maji, yanayopenya udongo, yakalemea miti na kulainisha kuta. Kwa hiyo kuogopa tone linalotoka juu na kukimbilia chombo cha kulikinga ilikuwa akili kabisa. Baadaye tukahamia kwenye bati, ambalo maji hayaliwezi lakini upepo unaliweza sana. Paa tukabadilisha, hofu tukabaki nayo ileile.

Bati halisukumwi tu, linanyanyuliwa. Upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hupunguza mgandamizo wa hewa upande wa juu, na ule unaoingia kwa mlango ulioachwa wazi hujaa chini yake na kulisukuma kwenda juu. Kwenye upenu na pembeni ndiko mvuto unakozidi, na ndiko fundi, akiwa amechoka na jioni imefika, huona misumari inatosha. Bati nalo likishikwa vizuri, papi zinaweza kung'oka kwenye kenchi. Na papi zikishikwa vizuri, kenchi nzima inaweza kuondoka ukutani ikiwa imelazwa tu juu ya tofali kama sahani juu ya meza. Tiba yetu ya asili ni kutupia mawe juu, na wenye uwezo huongeza tairi kuukuu. Siku ya upepo wa wastani jiwe husaidia kidogo. Siku ya dhoruba yenyewe, uzito wake ni mdogo kuliko mvuto ule, na jirani anapokea bati na jiwe kwa pamoja.

Najua kuna atakayesema basi turudi kwenye udongo. Mwakata, wilayani Kahama, Machi 2015, ilijibu hoja hiyo kwa uchungu. Mvua ya mawe iliyoambatana na upepo iliwaua watu zaidi ya 35 usiku, wengi wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizowaangukia. Kuta dhaifu ni hatari kama paa lisilofungwa, na mzaha unaishia hapo.

Pingamizi la pili ni kwamba utabiri hudanganya. Aprili 2021 watu wa pwani walitangaziwa kimbunga Jobo, wakajiandaa, nacho kikanywea kabla ya kufanya la maana. Mei 2024 Hidaya nacho kilipungua nguvu kilipofika Mafia, wabishi wakaanza kucheka, kisha mvua zake zikaikata barabara ya kusini kwenda Lindi na Mtwara. Tena kenchi iliyofungwa kwa utabiri uliokosea haiharibiki. Itangoja upepo mwingine. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hawakuwa na mamlaka ya kuwatabiria, lakini walijua mvua ikikaribia ni wakati wa kurudi nyumbani kulima, na wafanyabiashara waliokuwa na haraka walisubiri wakipenda wasipende.

Wapo wanaosema ni kazi ya Mungu. Upepo, ndiyo. Msumari ulionunuliwa pungufu ni kazi ya mtu, na mara nyingi tunamfahamu kwa jina. Hoja ya fedha ndiyo nzito kuliko zote, maana kuezeka upya hakuna anayemudu kila mwaka. Lakini kuongeza misumari pembeni na kukaza kenchi kwenye lenta kwa waya ni gharama ndogo mno ukilinganisha na mabati mapya, na fundi wa Septemba hana foleni. Wa Desemba ana foleni, na bei yake inalijua hilo. Radi sitaiongelea sana: khanga juu ya kioo haimdhuru mtu, king'amuzi ni sahihi kukichomoa, lakini kukimbilia chini ya mwembe ni kujipeleka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haifungi kenchi.

Anabaki mpangaji, ambaye husema paa ni la mwenye nyumba. Ni kweli, ila kichwa ni chake. Dalali atamwonyesha luku, bomba na choo cha ndani kwa fahari kubwa. Amuulize kenchi imefungwa na nini. Dalali akicheka, kodi ya miezi sita isitoke mfukoni kabla mwenye nyumba hajaleta waya na ngazi.