Kongole kwa Sushi Isiyo na Haraka

Sisi watu wa Mombasa si wachoyo wa sifa. Bwana harusi husifiwa kabla hajafanya lolote, marehemu husifiwa hata na waliokuwa wakimdai, na mheshimiwa akileta tangi moja la maji Kisauni husifiwa kwa kipaza sauti tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kwa ukarimu wote huo, sijasikia mtu akiusifu mkahawa mmoja wa Kijapani ulio ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wetu wa bara. Jina lake nalisitiri kwa makusudi. Ukisifiwa kwa jina utajaa watu, na ukijaa watu chakula kitachelewa. Najua mtasema hakiwezi kuchelewa zaidi ya hapo, lakini mambo ya Mungu ni mengi.

Unyenyekevu wa mahali pale huanzia mlangoni. Kuna kijana aliyevalishwa joho la Kijapani lililomzidi mikono, anainama mpaka unaogopa ataanguka, kisha anakukaribisha kwa Kijapani chenye lafudhi ya Mtopanga. Baada ya hapo hamwonani tena kwa muda mrefu, na ndipo unapotambua kwamba kuinama kule kulikuwa kuagana.

Nilikwenda na binamu yangu wa Changamwe, mtu wa kazi za makontena, ambaye hakuna kilichowahi kumfika kwa wakati na kwa hivyo ana subira ya kutosha. Orodha ya vyakula ni kitabu kizima chenye picha. Juu ya kila bei pamebandikwa kijikaratasi cha bei mpya, na juu ya baadhi ya vijikaratasi hivyo pamebandikwa kingine. Ukibandua kwa kucha, alivyofanya binamu, unaweza kuisoma historia ya shilingi ya Kenya tangu mkahawa ufunguliwe. Hiyo peke yake ni elimu ambayo Kongowea huipati bure.

Tuliagiza jua likiwa bado juu ya minazi. Ilipoadhiniwa magharibi, mezani palikuwa na chupa ya soya, vijiti, na vibakuli viwili vitupu vya kutilia hiyo soya. Binamu akaenda msikiti wa jirani, akasali, akaleta na uradi, akarudi, akakuta vibakuli vile vile. "Chaja sasa hivi, mzee wangu," kijana akaniambia, ingawa sikuwa nimeuliza. Sijui mkahawa mwingine Nyali unaomwachia mteja nafasi ya kuleta uradi mzima.

Wanaolalamikia jambo hili hawaijui asili ya chakula chenyewe. Sushi ya kale haikuwa na mbio. Samaki alitiwa chumvi, akapakiwa katikati ya wali, akaachwa achachuke kwa miezi. Kando ya ziwa Biwa, huko Japani, mpaka leo wako watengenezao funazushi inayoweza kuchukua mwaka na zaidi kabla haijaliwa. Walioiharibu desturi hii ni wachuuzi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Inasemekana kwamba katika miaka ya 1820 mchuuzi aitwaye Hanaya Yohei alikuwa akikanda tonge la wali wenye siki, akilibandika kipande cha samaki na kumpa mteja papo hapo, ale na aende zake. Yaani sushi hii tunayoivalia shati la kupigwa pasi ilikuwa chakula cha kibandani, ndugu yake viazi karai vya njia ya feri. Haukupita muda, kwa hesabu za karne, mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi akafungua Osaka mkahawa ambamo sahani huzunguka juu ya ukanda na kumpitia mteja usoni, wazo alilolipata kwa kutazama chupa za bia zikipita kiwandani. Oneni uharibifu ulipofika! Mkahawa wetu umekataa upotofu huo na kuirudisha kazi kwenye misingi. Hatukuambiwa kama jodari wetu alikuwa akichachuka wakati tukingoja. Alipofika, alijieleza mwenyewe.

Na hapo kwenye haraka niongeze neno. Novemba 2017 kampuni ya treni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake moja iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Sekunde 20! Taifa likishafika hapo linahitaji kusaidiwa na jirani zake, nasi tumejitolea. Kule kwetu hakuna aliyeniomba radhi usiku ule, na nimeichukua kuwa heshima. Kumwomba mteja radhi kwa kuchelewa ni kumshuku kwamba alikuwa akitazama saa.

Tena Mjapani alikuwa amezidi kutuaibisha. Bibi zetu walijifunga leso zilizopigwa chapa kwao. Daraja la Nyali la mwaka 1980 lilijengwa kwa mkopo wao, na mpaka sasa linabeba matatu zilizofurika bila kunung'unika. Gati la makontena la Kipevu lililofunguliwa 2016 ni kazi ya kampuni yao ya Toyo. Barabara ya Dongo Kundu, inayomwezesha mtu wa Changamwe kufika pwani ya kusini bila kuiona feri, ni pesa zao. Magari ndiyo usiseme. Probox hushuka Kilindini ikiwa imeshastaafu kwao, ikaanza maisha upya kwa kubeba mirungi na abiria wawili zaidi ya viti. Ukiiwasha, utasikia sauti ya bibi mmoja wa Kijapani akimkumbusha dereva kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa. Dereva wa Mtongwe ameishi na bibi huyo miaka mingi, hajui asemalo, lakini siku akinyamaza huanza kuwaza juu ya betri. Watu waliotupa vitu vya namna hiyo wangebaki juu yetu milele. Mkahawa huu umewashusha, umewaketisha nasi jamvi moja, na bila shaka ubalozi ungeushukuru kama ungepata kuonja.

Turudi mezani. Tulitaka kamba wa kukaanga, hakuna. Tukataka ngisi, hakuna, na bahari iko karibu kiasi cha kusikia mawimbi. Pweza? Kijana akatabasamu kwa huzuni. "Mna nini basi?" binamu akauliza. "Kila kitu kiko, mzee, ila kwa leo kiko kuku na jodari." Huko Tokyo matajiri hulipa fedha nyingi waketi mbele ya mpishi maarufu na kumwachia yeye awachagulie kila kitu, nao wauita utaratibu huo omakase, na nafasi huwekwa mapema. Sisi tuliupata bila kuomba.

Supu ya miso ilitangulia, vuguvugu kama maji ya bomba siku yanapokumbuka kutoka. Ikafuata sushi yenyewe, na juu ya wali wake nataka kukaa kidogo. Kazi hii hutaka mchele mfupi unaonata. Wetu ulikuwa pishori wa Mwea, mchele wenye adabu zake, ambao kila punje hujitegemea na haitaki kushikana na mwenziwe hadharani. Kijiti kilipougusa tu, tonge likasambaratika sahani nzima, na samaki akabaki amelala peke yake, mwembamba, amefanya weusi pembeni. Tukaweka vijiti chini, tukamalizia kwa vidole vitatu tulivyofunzwa utotoni. Japani imeisaidia Mwea miaka mingi. Hata bwawa la Thiba, lililofunguliwa 2022, limejengwa kwa mkopo wake. Wameumwagilia mchele maji, mchele umekua, na sasa unakataa kuwa sushi. Huo ni msimamo, na mpishi wetu ameuheshimu. Harufu ya pishori ile ilikuwa ikiita nyama na bizari waziwazi, hata binamu akashindwa kujizuia, akauliza kama kuna kachumbari. Ikaja mara moja. Vitunguu vilivyokatwa vyembamba, nyanya ngumu, ndimu, pilipili mbichi ya kutosha, chumvi sawasawa. Nani aliyeikata huko jikoni, na kwa nini hapewi kazi zaidi, sikuuliza, maana ningeharibu sifa hizi.

Wasabi nayo isemwe kwa haki. Msidhani tulipunjwa. Sehemu nyingi duniani, hata katika mikahawa ya bei ya juu, ile mezani hutengenezwa kwa mzizi mwingine wa Ulaya, haradali na rangi ya kijani, kwa kuwa wasabi ya kweli ni ghali na mmea wake ni msumbufu kuotesha. Hapo tulikuwa sawa na London na New York. Binamu alilitia donge zima mdomoni akidhani ni chatini ya dania, akalia machozi, na machozi yale ndiyo ushahidi pekee wa ladha uliopatikana mezani petu kabla ya kachumbari.

Ile karatasi nyeusi inayofunga wali ni mwani. Kina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, hulima mwani baharini (si wa aina hii, najua), wakauanika na kuuuza, na mwingine wakatengenezea sabuni. Wetu ulikuwa umeshanyonya unyevu wote wa Nyali, haukatiki kwa meno wala kwa mkono. Nimeutafuna vya kutosha kuweza kusema kwamba kina mama wa Kibuyuni, kwa hiyo sabuni, wameona mbali.

Lakini shukrani kubwa ni kwa kile ambacho hatukupewa. Wajapani humla bunju, samaki wa sumu ambaye mvuvi wa Likoni akimpata humtupa, nao hutaka kwanza mpishi awe na leseni maalumu ya kumpasua. Mpishi wetu hakuthubutu bunju. Mtu asiyeweza kuchemsha miso, na bado akajua mipaka yake, si wa kubezwa.

Hesabu, tofauti na chakula, ilifika kabla haijaitwa. Kulikuwa na VAT ya asilimia 16, kulikuwa na asilimia 2 ya utalii, ingawa watalii wenyewe tulikuwa mimi na mtu wa Changamwe, na chini yake asilimia 10 ya huduma. Binamu akauliza kwa upole ni huduma ipi. Kijana akaitazama karatasi kwa muda, akaigeuza nyuma, akairudisha. "Hiyo ni kompyuta, mzee."

Mimi nililipa kwa moyo mweupe, na sababu ninayo. Babu yetu aliacha shamba Mtongwe, na ukoo ulikuwa umegawanyika kwa ajili yake tangu sisi tuko skuli. Chifu alijaribu, wazee wa mtaa walijaribu, kadhi alituambia twende tukazungumze kwanza nyumbani. Nyumbani hakuna nafasi ya kuzungumza, chakula huja. Usiku ule, kati ya kuagiza na miso, hatukuwa na la kushika wala la kutafuna, ikabidi tutazamane. Kufika kwa kuku, ambaye sijamtaja kwa sababu hakuna la kutaja, tulikuwa tumeshakubaliana mpaka upite wapi na minazi ihesabiwe vipi. Mpigieni hesabu wakili wa Mombasa, kisha mniambie kama asilimia 10 ni nyingi. Tangu hapo nimeshauri watu wawili wenye posa wawapeleke wakwe huko. Hakuna swali la nasaba litakalobaki bila kuulizwa.

Isitoshe, mtu hutoka pale na njaa safi, njaa ya ujana, isiyopatikana tena katika umri wetu. Tukaenda nayo mpaka Kongowea. Kwenye kibanda cha kwanza chenye taa, sufuria ya supu ya pweza ilikuwa ikitokota na karai la viazi lilikuwa kando yake. Muuzaji alitupima kwa jicho, akachota, akakamua ndimu, akamwagia ukwaju na pilipili juu ya viazi. "Shikeni wazee, cha moto hicho." Mkono wangu ulikuwa bado mfukoni unatafuta pesa. Tulikula wima, bega kwa bega na vijana wa tuktuk. Hanaya Yohei angemtambua mtu yule kwa mbali, na angemuuliza anapata wapi pweza laini hivyo. Kwa jinsi mkahawa unavyowapelekea wateja waliokwisha kulainishwa, wachuuzi wa Kongowea wangestahili kuuchangia kodi ya nyumba.

Nasikia wenyewe wanatafuta mahali Likoni wafungue tawi, nami nawaunga mkono kwa nguvu zote. Watu zaidi ya laki tatu huvuka feri kila siku, na wa miguu hawalipi kitu. Umati wote ule umehitimu kungoja, na hajatokea bado mtu wa kuutoza kwa kungoja huko. Mteja aagize akiwa kisiwani, kwa simu, kabla hajaingia foleni. Avuke, apande tuktuk mpaka Mtongwe, amwamkie shangazi yake, anywe chai, asikilize habari za magonjwa yote, alale kidogo ikiwa jua ni kali, ndipo ateremke mkahawani akaulizie. Menyu waibadilishe watakavyo, mchele waushindwe watakavyo. Yule wa kachumbari tu nawaomba wahame naye.