Mpangaji Hana Nyumba, Mwenye Nyumba Hana Muda

Ukifikisha umri fulani Dar es Salaam na bado unapanga, unageuka mali ya umma. Kila mtu ana ruhusa ya kukushauri. Msibani, kwenye sendoff, kwenye foleni ya wakala wa fedha, mtu mliyesoma naye anakushika bega na kukuuliza kwa ile sauti ya wodini: "Hivi mpaka leo hujajenga?" Ukimwambia unapanga Tabata, anatikisa kichwa, anakuombea kwa Mungu, kisha anakupa namba ya mtu anayeuza viwanja.

Sisemi kwamba kupanga ni raha. Kupanga mjini hapa ni adhabu, na adhabu yenyewe inaanzia kwa dalali. Huyu bwana anachukua hela ya kuonyeshwa kabla hujaona hata kitasa, na ukiipenda nyumba anakula kodi ya mwezi mzima. Wa mwisho niliyezunguka naye aliniahidi chumba na sebule "hapohapo barabarani". Tulitembea mpaka nikaanza kuona matuta ya mchicha. Tulipofika akaniambia maji yapo saa ishirini na nne. Nikafungua bomba, likakohoa, likatema kutu kidogo, likanyamaza. "Leo tu," akasema. Nikamuuliza kuhusu umeme. Kumbe LUKU moja inahudumia familia nne, na kila Jumapili jioni wapangaji wanakaa kikao cha kumsaka anayepiga pasi usiku wa manane.

Hapo bado hujakutana na mwenye nyumba. Yeye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akipenda sana anataka ya mwaka. Mimi mwajiri wangu hajawahi kunilipa hata wiki moja mbele. Zamani tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji analindwa na sala. Mtaa ukitiwa lami, kodi inapanda kwa sababu ya lami. Lami ikioza, kodi inapanda kwa sababu mwenye nyumba naye gari lake linaharibika. Taarifa inakuja kwa ujumbe wa simu wenye adabu zote: "Habari za asubuhi mpangaji wangu mpendwa." Ukiona umeitwa mpendwa, kaa chini kabisa kabla hujasoma kinachofuata.

Halafu tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Kwa hiyo mimi nanunua umeme, na jengo la mtu linalipiwa kodi. Tuliambiwa wapangaji tukamalizane na wenye nyumba. Nenda ukamalizane naye wewe, mimi nitakutunzia kitanda.

"Basi jenga," wanasema. Haya, tukajenge. Kwa hela ipi?

Tuanze na benki, maana kuna watu wakishasikia "mkopo wa nyumba" wanaona mambo yamekwisha. Chukua shilingi milioni 100, riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 15. Kila mwezi unatakiwa kupeleka kama milioni moja na laki nne. Ukimaliza umelipa zaidi ya milioni 250, yaani umejijengea nyumba moja na benki umeijengea moja na nusu, tena ya kwao haivuji. Mwenye mshahara wa kubeba mzigo huo, kusema kweli, hana haja ya kusoma safu hii. Ndiyo maana wengi wetu tunajenga kwa njia tuliyorithi: tofali mwaka huu, nondo mwaka ujao, bati Mungu akipenda.

Kabla ya tofali kuna kiwanja. Sinza na Mikocheni usiulize, utajiongezea presha bure. Viwanja vya watu wa kipato chetu vina tabia ya kuhama. Vilikuwa Kimara, vikahamia Goba na Madale, ukienda kuvitafuta Goba unaambiwa vipo Chanika. Kigamboni tulikuwa tunaiona kwa macho toka ng'ambo ya maji, lakini Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, bei zilivuka kabla yetu. Siku hizi napelekewa matangazo ya Mapinga na Vikindu. Ni kiwanja cha Dar es Salaam kabisa, ila kiko Mkoa wa Pwani.

Nilikwenda kukiona kimojawapo. Muuzaji alisimama juu ya kichuguu, akanyoosha mkono kuelekea porini: lami inakuja pale, nguzo za umeme zinakuja hapa, shule ya Kiingereza inakuja kule. Vyote vilikuwa njiani. Aliyekwisha kufika alikuwa yeye na kitabu chake cha risiti.

Shemeji yangu hakuniunga mkono katika ubishi huu. Yeye amejenga, na tangu ahamie kwake hakuna kikao cha ukoo ambacho hajaeleza kilichomgharimu kupaua. Alihamia kabla ya kuweka gipsamu, madirisha mawili yakiwa yamezibwa kwa mabati, akisema bora nusu nyumba yangu kuliko nzima ya mtu. Nampa heshima yake. Lakini nimemchunguza. Anatoka kwake saa kumi alfajiri ili aiwahi foleni kabla haijaamka, na anarudi saa tatu usiku. Nyumba ina vyumba vinne, na vyote anavijua kwa mwanga wa tochi ya simu. Anayeifaidi ni dada wa kazi, anayekaa kwenye yale makochi kutwa nzima akitazama tamthilia za Kituruki. Kodi aliyoiokoa anaimwaga kwenye mafuta ya gari, na Jumapili, siku pekee ya kukaa barazani kwake, anashinda akimsubiri fundi aliyesema yuko njiani, anamalizia hapo Gongo la Mboto.

Mimi kodi nalipa kwa hela. Yeye analipa kwa usingizi. Sijaona mahali ambapo usingizi unarudishwa.

Na umiliki wenyewe una mitihani yake. Mwaka 2017 bomoabomoa ilipopita Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ili barabara ipanuliwe, kuna watu waliamka wakakuta alama ya X kwenye ukuta walioujenga kwa miaka kumi. Mpangaji wa nyumba ileile alikunja godoro, akaita bodaboda, akaenda kuanza upya na dalali mwingine. Nilimsikitikia mwenye nyumba kwa moyo wangu wote, lakini tangu siku hiyo godoro langu naliheshimu.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, niliihifadhi kwa ajili ya arobaini ya mjomba, maana ukoo wote ulikuwepo. Nilimkumbusha shemeji kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Hiyo hati anayoifungia kabatini, kama ameipata, ni ya miaka 33, 66, na ikizidi sana ni 99, na kila mwaka anatakiwa kulipia pango la ardhi. Kwa hiyo shemeji naye ni mpangaji, sema yeye mkataba wake ni mrefu na wangu ni wa miezi sita. Wazee wakacheka, mmoja akanipigia makofi. Nikaona leo nimeshinda.

Shemeji akamaliza pilau yake taratibu, akanawa mikono.

"Sawa, shemeji," akasema. "Lakini mwenye nyumba wangu mimi hajawahi kunigongea mlango alfajiri kuniuliza nani kaanika nguo kwenye kamba yake."