Panya Buku Aenda Seneti

Panya Buku alianza na chumvi. Aliijaza mashavuni, akavuka nayo mto Lualaba usiku, saa ambazo Mamba wa ushuru alikuwa amelala au ameamua kulala. Chumvi ikamletea misalaba ya shaba, fedha ya Katanga ya enzi za mababu. Misalaba ikamletea mitumbwi, na mitumbwi ikamletea balaa, maana Mamba alianza kukagua mashavu.

"Mzee wangu, hili la kushoto lina nini?"

"Jino linaniuma, mkubwa."

"Na la kulia?"

"Hilo linalihurumia la kushoto."

Akalipa. Siku hiyohiyo akamwona Kiboko anavuka na shehena nzima, Mamba kamsimamia wima na kumpigia saluti. Kuuliza, akaambiwa Kiboko ni seneta, na seneta hakamatwi hivihivi mpaka maseneta wenzake waridhie.

Mwingine angekimbilia vijijini kugawa fulana na kucheza ngoma na akina mama. Buku, kwa kuwa ni mtu wa duka, alitaka kwanza asomewe sheria. Kumbe mchwa na vyura wa bonde hawamchagui seneta! Wao huchagua wabunge wa jimbo, na wabunge hao ndio humpeleka seneta mjini. Sasa ahangaike na rejareja ya nini, na jumla ipo?

(Utaratibu huu sikuubuni mimi. Ndivyo ilivyo katika Katiba ya Kongo ya 2006 na sheria ya uchaguzi: kila jimbo maseneta 4, Kinshasa 8, wote kwa kura za mabunge ya majimbo. Machi 2019 malalamiko ya rushwa yalizidi mpaka Rais Félix Tshisekedi akasimamisha maseneta wapya wasianze kazi. Baadaye wakaingia.)

Basi Buku akapita nyumba kwa nyumba, na nyumba zenyewe hazikufika ishirini. Kakakuona alijiviringisha akasema yeye hanunuliki, na hakujiviringua hata misalaba ilipopenyezwa chini ya magamba. Nungunungu alipokea bila maneno. Alikwisha kupokea ya Sungura asubuhi, na ya Ngiri jana yake.

Kura zikahesabiwa. Buku akashinda, Sungura akaambulia sifuri, akaanza kuzunguka kudai chake.

"Kaka, nirudishie misalaba yangu."

"Misalaba gani? Nionyeshe stakabadhi," akasema Nungunungu, miiba imemsimama kwa uchungu wa kuvunjiwa heshima.

Huko mjini Mheshimiwa Buku hakukosa kikao. Hakusema neno pia. Wenye husuda walidai hana hoja. Mimi namtetea, kwani nani awezaye kuhutubia na mashavu yale? Alichojua ni kutikisa kichwa, na karani akaandika kila mara: ameunga mkono. Ndivyo ulivyopita ushuru mpya wa kivuko, unaowahusu waendao kwa miguu tu. Wenye mitumbwi wakasamehewa ili kukuza uchumi.

Mchwa, wenye miguu sita kila mmoja, walitozwa kwa mguu. Wakaketi, wakamwandikia seneta wao barua ndefu ya heshima zote, wakaipeleka mtoni ivushwe. Mpaka leo iko kwa Mamba, imezuiliwa kwa kutolipiwa ushuru.