Nne si sifuri

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu wahenga, lakini nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutafuta kitabu cha kwanza cha uchambuzi wa namba halisi.

Balaa lilianzia kidato cha pili B, kipindi cha mwisho, saa ambayo hata feni imechoka. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba 0.999 isiyokwisha ni sawasawa na 1. Nikathibitisha kama nilivyothibitishiwa mimi: zidisha kwa 10, toa, gawanya, habari imekwisha. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari hakuwahi kuniuliza kitu zaidi ya ruhusa ya kwenda chooni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, si ulitufundisha kuzidisha tunaanzia kulia? Sasa hiyo isiyokwisha, kulia kwake ni wapi?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Darasa zima likacheka, maana kesho yangu wanaijua.

Jibu nilijua liliko. Limo katika uchambuzi wa namba halisi, somo nililolisoma chuoni mwaka wa pili. Nasema "nililisoma" kwa heshima ya cheti tu. Ukweli ni kwamba nilikesha na madesa, nikapata sapu, nikakesha na madesa yaleyale, nikapita. Epsiloni na delta nilizijua kama ninavyomjua konda wa daladala: nimempa nauli, nimeshuka, tumesahauliana.

Nikaamua kusoma upya, safari hii kwa adabu, kwa kitabu kimoja kizuri. Kimoja tu! Kosa langu likawa kuomba ushauri.

Rafiki yangu anayefundisha chuo hakufikiri hata kidogo. "Rudin," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Walter Rudin alikitoa kitabu hicho mwaka 1953, na toleo la tatu la 1976, lenye kurasa 342, ndilo linalozunguka mpaka leo. Wenyewe wanakiita Rudin Mtoto, kwa kuwa bwana huyohuyo ana kingine kizito zaidi wanachokiita Rudin Baba, na cha tatu ambacho ni Babu. Nikasema moyoni, huyu mtoto nitammudu. Jamani, yule mtoto ana mkono! Alianza kistaarabu, akathibitisha kwamba hakuna sehemu ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2. Hapo tulikwenda pamoja. Kidogo tu mbele akanitupia uthibitisho wa mistari minne, kila mstari ukanila jioni nzima, na mchoro wa kunipoza sikuuona. Mifuatano, ambayo ndiyo shida yangu, iko sura ya tatu. Kwenye sura ya pili imesimama topolojia, kama mgambo mlangoni.

Nikamrudia rafiki, nikamwuliza yeye aliwezaje. "Mimi nilianza na kingine," akanijibu bila aibu. "Rudin nilimsoma baadaye."

Hapo ndipo nilipowagundua washauri. Mtu hakutajii kitabu kilichomfundisha. Anakutajia kile anachopenda ajulikane kwamba amekisoma.

Mpwa wangu, anayesomea uhandisi, akaniletea flashi yenye vitabu arobaini. Arobaini! Nilikuwa nimeomba maji ya kunywa, nikaletewa mafuriko. "Anza na Tao, Anko, huyo anaanza mwanzo kabisa." Terence Tao ni yule wa Australia aliyepata Medali ya Fields mwaka 2006, na vitabu vyake viwili vya uchambuzi vilitoka mwaka huohuo. Kweli anaanza mwanzo, kabla hata ya kujumlisha. Usiku mmoja mama watoto akaniuliza ninasoma nini kwa uso uliokunjamana hivyo.

"Nathibitisha kwamba nne si sifuri."

Akanyamaza kidogo. "Miaka ishirini unafundisha hesabu."

"Ndiyo."

"Basi ukimaliza, kamthibitishie na shemeji yako. Elfu nne yangu kaifanya sifuri tangu Pasaka."

Nikamweka Tao pembeni. Si kwamba ni mbaya. Anajenga nyumba kuanzia kwenye kufyatua tofali, nami nilikuwa na mtoto wa watu anayesubiri dirisha moja.

Nikakumbuka Bartle na Sherbert, kitabu cha 1982 kilichokuwa maktaba enzi zetu, chenye mifano na maelezo ya kutosha. Nikapata nakala kwa mwenzangu, nikaipeleka stationery kutoa kopi. Kopi ikatoka, ila mashine ilikuwa na wino wa kubahatisha, ikawa inakimeza kimstari kilicho chini ya alama ya "ndogo kuliko au sawa na". Ungekuwa ugomvi wa mashamba, kimstari kile kingeamua kesi, na huku pia kinaamua. Nilihangaika wiki mbili na swali ambalo jibu lake lilikataa kabisa kutoka, kumbe kosa si langu wala la Bartle. Nilipokwenda kulalamika, kijana wa mashine akanijibu, "Mzee, maneno si yanasomeka yote?"

Mwalimu mwingine akanitajia Stephen Abbott, wa mwaka 2001, toleo la pili 2015. Huyo, kwa kurasa chache nilizopata kuziona, ni mtu mwema. Kila sura anaifungua kwa fumbo linalokukera, ndipo anaanza kukupa dawa. Kisha nikaangalia bei. Nikafunga simu taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe.

Aibu yangu kubwa ni hii: muda wote huo kilikuwapo kitabu cha Jiří Lebl, profesa aliyeko Oklahoma, Marekani, ambacho mwenyewe amekiweka mtandaoni bure, kihalali kabisa. Nilikiona mapema, nikakipita. Cha bure, nikasema, lazima kina ila. Kumbe mwenye ila ni mimi. Sura ya kwanza namba halisi, sura ya pili mifuatano, hakuna mgambo. Nikachapisha sura hizo mbili, nikakagua vimstari kimoja kimoja pale pale dirishani, nikaenda nyumbani na penseli.

Ikanichukua miezi miwili. Nikamtafuta kijana wangu, nikamkuta kwenye korido.

"Hakuna anayezidisha chochote," nikamwambia. "Nipe pengo lolote, dogo utakavyo. Ukisema moja ya elfu, nakuwekea tisa nne, na kila nikiongeza tisa nabaki ndani ya pengo lako. Ukisema moja ya milioni, nakuwekea tisa saba. Huwezi kunitajia pengo la kunishinda. Kwa hiyo tunakofikia ni 1, na desimali isiyokwisha maana yake ni huko tunakofikia, basi."

Akanitazama kwa huruma. Yuko kidato cha tano sasa, kombi yake HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza.

"Kumbe mwalimu bado ulikuwa unatafuta?"

Miaka mitatu. Miwili na miezi kumi ya kuchagua jembe, miezi miwili tu ya kulima.

Basi nawe unayetaka kuanza, usiniulize kitabu kipi ni bora kuliko vyote. Chukua kile ambacho swali lako liko karibu na mlango wake, hakikisha kurasa zimetimia na vimstari vipo, chonga penseli. Rudin mwache kwanza. Hana haraka, yupo tangu 1953.